Pasi ya Saa Mbili Usiku

Bi Shumi alikuja na kanzu ya mwanawe mkononi,
akaitandaza mezani pangu kama ushahidi.
"Badi, umezeeka. Itazame kola hii.
Asubuhi unanipa karatasi,
usiku unanirudishia tambara."
Harusi ilikuwa Ijumaa, Kibokoni nzima yajua,
na mimi ni dobi wa mtaa huu tangu enzi za pasi ya makaa.
Sikujibu. Jasho lilinijibia.

Mwanasha akainua kichwa kutoka daftarini.
Yuko kidato cha tatu, mtoto huyu,
haamini kitu ambacho hajakipima.
Kesho yake akaenda kwa Chivatsi, fundi umeme wa Mwembe Tayari,
akarudi na mita ya kuazima,
ya manjano, mdomo wake kama gando la kaa.

Saa tano mchana, pasi ikiwaka:
volti mia mbili na arobaini.
Akaubana waya mmoja, mmoja tu,
maana ukiibana yote miwili, alisema, mita husoma sufuri,
wa kwenda na wa kurudi hufutana.
(Nikamkumbuka mamake.)
Ampea tano.
Akaandika kwa chaki ukutani, juu ya ndoo ya wanga.

Kichwa changu hakishiki kitu kisicho na vina,
basi akanitungia, huku akicheka:

    Volti gawa kwa ampea, ukinzani utapata;
    volti zidisha ampea, wati zake utakuta.

Nikagawa kwa vidole. Omu arobaini na nane.
Nikazidisha, akanishikia sufuri zisidondoke:
wati elfu moja na mia mbili.
"Hiyo ndiyo pasi yako, baba, ikiwa imeshiba."

Saa mbili usiku. Mji wa Kale wote umerudi nyumbani:
mafeni, friji za barafu ya ukwaju, televisheni,
na hoteli ile mpya yenye mashine ya baridi kila dirisha,
wote wanavuta waya uleule.
Taa yangu ina rangi ya chai ya rangi.
Volti mia moja tisini na mbili.
Ampea nne.
Gawa.
Arobaini na nane. Ileile!
Nikaitazama pasi kama mtu aliyesingiziwa
na mashahidi wamefika baada ya hukumu.
Haikulegea. Haikuzeeka.
Kinachoisukuma ndicho kilichopungua.

"Sasa zidisha," akasema, bila kucheka.
Mia saba sitini na nane.
Volti imepungua moja ya tano,
lakini joto limepotea zaidi ya theluthi,
kwa kuwa volti ikishuka huushika mkondo mkono,
vikashuka pamoja.
Kazi ya saa moja ya mchana
usiku yataka saa moja na nusu, na dakika nne hivi.
Miaka mingapi nimeilipa ile nusu saa kwa mgongo,
nikidhani ni mimi?

Alhamisi Bi Shumi akaja. Mwanasha akamwonyesha ukuta.
Akausoma wote, midomo ikicheza,
akarudi tena kwenye ile arobaini na nane ya pili.
"Mtoto ana akili, mashaallah.
Lakini hesabu haivaliwi, Badi."
Akaniachia kanzu. Akakata shilingi hamsini.

Saa tisa usiku nikaamka peke yangu.
Paka wawili barazani, mtaa mzima kimya.
Nikaichomeka pasi, nikanyunyiza maji,
kola ikakubali kwa mpito mmoja
na kusimama kama alifu.

Mwanasha amelala, mita iko kifuani pake.
Nikaichomoa polepole,
nikaingiza vijiti vyake viwili kwenye soketi
kama nilivyomwona akifanya,
nikaokota chaki,
na chini ya namba zake nikaandika:
239.
Tisa yangu imepinda mkia,
lakini inasomeka.